Kamba-vunjajungu wa miamba ya matumbawe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Video ya mnyama mdogo wa rangi za kung'aa anayempasua konokono kwa mkono imezunguka sana kwenye simu hapa Mwanza, na maswali yamefuata: kutoka kwa wanafunzi, kwa wavuvi wa Kirumba na Igombe, hata kwa wazazi wanaotaka kujua kama watoto wao wanadanganywa. Ninafundisha baiolojia, na mnyama huyu nampenda kwa dhati. Ndiyo maana nimetaka kutenganisha yaliyopimwa na yaliyotiwa chumvi. Ya kweli peke yake yanatosha kumshangaza mtu.

Huyu ni kamba kweli, au ni mdudu?

Ni krasteshia, yaani yumo katika jamii pana ya kaa, kamba na kamba-koche, lakini si kamba hasa. Ana oda yake, Stomatopoda, iliyoachana na ukoo wa kamba na kaa miaka kama milioni 400 iliyopita. Spishi zinazojulikana ni zaidi ya 450. Wengi hawazidi urefu wa kiganja, ila wakubwa kabisa hukaribia sentimita 40. Jina la vunjajungu limetokana na mikono miwili ya mbele anayoikunja kifuani.

Yule wa kwenye video, mwenye kijani, bluu na rangi ya chungwa pamoja na madoa ya chui ubavuni, ni Odontodactylus scyllarus. Hufikia sentimita 18 hivi. Makazi yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, kwa hiyo ni mwenyeji wetu pia.

Yupo Ziwa Victoria?

Hayupo. Stomatopoda ni wanyama wa bahari. Wachache huvumilia maji ya mdomo wa mto, ambako chumvi imepungua, lakini hawaishi kwenye maji baridi kama ya ziwa letu. Aliyekuambia amemwona Ukerewe ameona kitu kingine.

Kuna jambo moja ninalopenda kulionyesha kwenye ramani, hata hivyo. Maji ya ziwa hutokea Jinja, yakafuata Mto Nile kwa kilomita elfu kadhaa hadi Mediterania. Huko mwisho wa safari kamba-vunjajungu wapo: Squilla mantis, mwenyeji wa bahari hiyo, na Erugosquilla massavensis, aliyeingia kutoka Bahari ya Shamu kupitia Mfereji wa Suez. Mto unaotoka kwetu unaishia mlangoni kwao.

Basi wale kamba wadogo tunaowakuta kwenye dagaa ni nani?

Hao ni uduvi wa ziwa, Caridina nilotica, na hawana uhusiano wa karibu na kamba-vunjajungu. Msiwadharau. Sangara walipoenea ziwani miaka ya 1980 na furu wengi, wale samaki wadogo wa ziwani wa spishi nyingi, wakatoweka, uduvi hawa waliongezeka mno, wakawa chakula kikuu cha sangara wachanga. Bila wao biashara ya minofu ya Mwanza ingekuwa na sura nyingine.

Ukimwona mama anayechambua dagaa mwaloni, mwombe akuachie uduvi mmoja mbichi. Mweke kwenye kisahani chenye maji kidogo, umtazame kwa kioo cha kukuzia. Macho yake hayakukaa kichwani moja kwa moja, yako juu ya vijiti viwili vifupi. Mpango huo wa macho kwenye vijiti kamba-vunjajungu anao pia, ila yeye ameupeleka mbali sana, kama nitakavyoeleza.

Ni kweli anapiga kwa kasi ya risasi?

Hapa ndipo chumvi ilipozidi. Mwaka 2004 Sheila Patek na wenzake walichapisha katika jarida la Nature vipimo vya pigo la Odontodactylus scyllarus, vilivyochukuliwa kwa kamera za kasi kubwa. Mkono ulifikia mita 14 hadi 23 kwa sekunde. Ukigeuza, ni kama kilomita 50 hadi 83 kwa saa. Huo ni mwendo wa gari barabarani. Risasi iko mbali sana.

Kinacholingana na risasi ni mchapuko, yaani namna kasi inavyopanda ghafla. Mkono unatoka kwenye utulivu hadi kilele kwa mchapuko unaofikia mara 10,000 ya ule unaokivuta chini kitu kinachoanguka. Pigo zima huchukua chini ya milisekunde 3, wakati kupepesa jicho kunachukua zaidi ya 100. Na hayo yote hufanyika ndani ya maji! Zamisha mkono kwenye pipa lililobeba maji ya kufulia, jaribu kurusha ngumi humo, utahisi maji yanavyokukatalia.

Mwaka uliofuata Patek na Roy Caldwell walipima nguvu yenyewe: hadi nyutoni 1,500. Hiyo ni sawa na uzito wa kilo 150 hivi, kutoka kwa mnyama unayeweza kumshika kiganjani, na sikushauri umshike.

Msuli mdogo vile unatoa wapi nguvu hiyo?

Msuli peke yake hauwezi. Hakuna msuli wa mnyama yeyote unaoweza kujikunja kwa haraka hiyo, na hapa ndipo ujanja wenyewe ulipo. Fikiria mtu na upinde. Mkono wake hauwezi kuurusha mshale ukaruka mbali, lakini unaweza kuuvuta upinde polepole, ukautunza uliopinda, kisha ukauachilia. Kamba-vunjajungu hufanya vivyo hivyo. Kwanza kifungo kidogo ndani ya mkono hukaza kiungo kisifunguke. Msuli mkubwa hujikunja taratibu ukisukuma bila mkono kusogea, na nguvu yote inahifadhiwa katika sehemu za gamba lenyewe, kikiwemo kipande kigumu chenye umbo la tandiko la farasi. Kifungo kinapoachiliwa, gamba lililopinda hurudi kwenye umbo lake na mkono hufyatuka.

Wanafunzi huniuliza kwa nini asiwe na msuli mkubwa zaidi tu. Kwa sababu msuli mnene una nguvu lakini ni mzito wa mwendo. Yeye ametenganisha kazi mbili: msuli unatoa nguvu, gamba linatoa haraka.

Kwenye video wanasema anachemsha maji na kutoa mwanga. Je?

Kuna ukweli nyuma yake. Mkono unapokwenda kasi hivyo, shinikizo la maji kati yake na gamba la konokono hushuka ghafla kiasi kwamba maji hugeuka mvuke na kutengeneza viputo. Viputo hivyo havidumu. Maji yanayovizunguka huvibana vikaporomoka, na kuporomoka huko hutoa mshindo, joto kali na pengine mwanga hafifu mno. Joto hilo liko kwenye kijisehemu kidogo sana kwa muda mfupi sana, kwa hiyo tundu lake halichemki wala samaki hapikwi.

La maana zaidi ni mshindo. Vipimo vya 2005 vilionyesha kwamba kila pigo hupeleka vishindo viwili: cha kwanza mkono unapogusa, cha pili chini ya nusu ya milisekunde baadaye, viputo vinapoporomoka. Ana mikono miwili, kwa hiyo konokono anaweza kupata vishindo vinne karibu kwa wakati mmoja.

Konokono hufa kwa pigo moja?

Mara nyingi hapana, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu nzuri zaidi kuitazama. Humleta konokono hadi kwenye tundu lake, humpapasa kwa vipapasio, humgeuza, humweka sawa kwenye jiwe, ndipo anapiga. Anampapasa tena, anamgeuza kidogo, anapiga tena. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba hapigi ovyo: hubadilisha mahali pa kulenga kulingana na umbo la gamba. Gamba refu lenye ncha hupigwa kwa mpango tofauti na gamba la mviringo. Kazi inaweza kuhitaji mapigo mengi sana, na yeye haachi.

Mbona mkono wake wenyewe hauvunjiki?

Kirungu cha mkono kimejengwa kwa tabaka. Nje kuna madini magumu ya haidroksiapatiti, ambayo yamo pia katika mifupa na meno yetu. Ndani kuna nyuzi za kitini, ile dutu inayojenga magamba ya wadudu na kaa, zilizopangwa ngazi juu ya ngazi, kila ngazi imezungushwa kidogo kuliko iliyo chini yake. Ufa ukianza, unalazimika kuzunguka ukifuata nyuzi hizo, nao huchoka kabla haujafika mbali. Kundi la David Kisailus lilieleza muundo huo katika jarida la Science mwaka 2012, na tangu hapo wahandisi wamekuwa wakiuiga kutengeneza vifaa vyepesi visivyopasuka kirahisi.

Pamoja na hayo kirungu huchakaa. Anapojivua gamba hupata kipya.

Anaweza kuvunja kioo cha tangi?

Imetokea. Mwaka 1998, mjini Great Yarmouth, Uingereza, mmoja aliyepewa jina la Tyson alipasua kioo cha tangi lake chenye unene wa milimita 6 hivi. Ni tukio la nadra. Kidole cha binadamu kinaweza kuchanwa vibaya.

Wote wanapiga hivi?

La. Kuna wenye virungu na kuna wenye mikuki. Wa mikuki wana mikono yenye miiba mikali. Huchimba tundu kwenye mchanga au tope, hujificha humo macho tu yakitokeza, na samaki akipita juu humdunga na kumvuta chini. Mkubwa wao, Lysiosquillina maculata mwenye mistari ya pundamilia, anapatikana pia Afrika Mashariki. Dume na jike wake hukaa tundu moja kwa miaka, na dume ndiye anayewinda kwa ajili ya wote wawili.

Ziwani kwetu hakuna anayevunja konokono?

Wapo! Kamongo huwala. Na kuna furu anayeitwa Astatoreochromis alluaudi, mwenye taya za pili ndani ya koo, nene, zenye meno bapa ya kusagia. Huyu humeza konokono na kumponda kooni. Akikuzwa kwa chakula laini taya hizo hukua nyembamba. Akila konokono hunenepa. Watu waliwahi kumtumia kwenye mabwawa wakitarajia apunguze konokono wanaobeba kichocho, ingawa kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko walivyotumaini. Yeye na kamba-vunjajungu wanakabiliana na tatizo lile lile, gamba gumu, na kila mmoja amelitatua kwa njia yake.

Ni kweli anaona rangi ambazo sisi hatuzioni?

Ni kweli, lakini hadithi kamili ni tofauti na inavyosimuliwa. Sisi tuna aina tatu za seli pokezi za rangi. Kamba-vunjajungu wengi wa matumbawe wana 12, na ukijumlisha na zile za kazi nyingine wanafika 16. Baadhi hupokea miale ya urujuanimno isiyoonekana kwetu.

Wengi wakisikia hivyo hudhani anaziona rangi mara nne ya sisi. Mwaka 2014 Hanne Thoen na wenzake, akiwemo Justin Marshall, walimjaribu. Waliwafundisha wanyama hao kuchagua mwanga wa rangi fulani ili wapate chakula, kisha wakaweka rangi ya pili karibu zaidi na zaidi na ile ya kwanza. Rangi zilipotofautiana kwa chini ya nanomita 12 hadi 25 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) walishindwa kuzitenganisha. Mtu wa kawaida hutofautisha rangi zilizopishana kwa nanomita chache tu. Katika jambo hili mchuuzi wa vitenge anamshinda.

Kwa nini basi abebe seli nyingi? Maelezo ambayo watafiti waliyapendekeza yananivutia. Ubongo wetu hupata rangi kwa kulinganisha ishara za seli tatu, na ulinganishaji ni kazi. Yeye huenda halinganishi. Kila seli inaitika kwa rangi yake, naye anaitambua mara moja. Kwa mnyama anayeamua ndani ya muda mfupi kama anachokiona ni chakula, mchumba au adui, haraka ina thamani kuliko umakini.

Jicho lenyewe limegawanyika: nusu ya juu, nusu ya chini, na katikati mkanda wa safu sita. Safu nne ni za rangi. Sehemu tatu za jicho hutazama mahali pamoja, kwa hiyo jicho moja linaweza kupima umbali bila msaada wa jingine. Macho yake hutembea kila moja kivyake, na hujizungusha kwenye vijiti vyake.

Mwanga wa polaraizi ni nini, na unamfaa nini?

Mwanga hutetema ukisafiri. Wa jua hutetema pande zote. Ukiakisiwa na maji au gamba la samaki, hutetema zaidi kwa mwelekeo mmoja. Huo ndio mwanga wa polaraizi. Macho yetu hayautambui, yake yanautambua. Kumbe hata kule kuyazungusha macho kuna faida: mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba Gonodactylus smithii huyapanga macho ili kitu kilicho mbele yake kijitokeze vizuri katika mwanga huo. Mwaka 2008 ilithibitishwa kwamba kamba-vunjajungu anatambua hata mwanga unaozunguka ukisafiri, akawa mnyama wa kwanza kujulikana kuwa na uwezo huo. Madume ya spishi moja, Odontodactylus cultrifer, yana sehemu mkiani zinazoakisi mwanga wa aina hiyo.

Darasani tumia miwani ya jua ya polaraizi na kikokotoo cha kawaida chenye skrini ya kijivu. Tazama skrini kupitia lenzi moja, uzungushe miwani polepole. Mahali fulani tarakimu hupotea na skrini nzima huwa nyeusi, kisha hurudi. Mtoto akishaona hilo kwa macho yake hahitaji maelezo marefu.

Wanapigana wenyewe kwa wenyewe?

Sana, hasa kugombea matundu, kwa sababu tundu zuri kwenye matumbawe ni adimu. Lakini mara nyingi hawauani. Mmoja hujikunja na kuinua mkia wake mgumu kama ngao, mwingine anaupiga, wanabadilishana, hadi mmoja akubali kuondoka.

Kuna pia kutisha. Mwenye tundu hutanua mikono na kuonyesha madoa ya rangi yaliyo kwa ndani. Aliyejivua gamba punde ana mwili laini, hawezi kupiga wala kuvumilia pigo, na bado hutanua mikono vile vile mlangoni. Caldwell na Eldridge Adams walionyesha mwaka 1990 kwamba ujanja huo mara nyingi unafaulu: mgeni anaondoka.

Anajuaje njia ya kurudi kwenye tundu?

Anapotoka kutafuta chakula huzungukazunguka, lakini anaporudi hukata moja kwa moja. Rickesh Patel na Thomas Cronin waligundua mwaka 2020 kwamba Neogonodactylus oerstedii huweka hesabu ya mwelekeo na umbali akitumia jua, polaraizi ya anga, na mwendo wa mwili wake mwenyewe jua linapofichika.

Analiwa?

Ndiyo. Italia wanampika Squilla mantis, na Japani Oratosquilla oratoria huliwa kwenye sushi.

Nikitoka Mwanza nikitaka kumwona, niende wapi?

Pwani yenye matumbawe yaliyolindwa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, inafikika kwa boti kutoka Nyamisati au kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam. Zanzibar kuna Chumbe. Mwombe mwongozaji akuonyeshe matundu chini ya vipande vya matumbawe, utulie, usubiri macho yatokeze. Usivunje jiwe ili umtoe. Pwani yetu imeumizwa vya kutosha na uvuvi wa baruti, ambao humsaga samaki pamoja na nyumba ya kila kilichokaa pale, na matumbawe hukua polepole mno kuziba pengo hilo.

Sisi ni watu wa ziwa. Macho ya mnyama wa bahari yanatuhusu nini?

Yanatuhusu kwa sababu swali la macho na maji limechunguzwa hapa hapa Mwanza, na majibu yake yanajulikana duniani kote. Kwenye mawe ya kisiwa cha Makobe kuna furu wawili wa karibu sana. Dume la Pundamilia pundamilia ni la bluu na hukaa juu, karibu na uso wa maji. Dume la Pundamilia nyererei, samaki aliyepewa jina la Mwalimu, lina wekundu mgongoni na hukaa chini zaidi. Katika maji ya ziwa mwanga wa bluu hupotea haraka, na kadiri unavyoshuka ndivyo wekundu unavyobaki. Macho ya samaki wa chini yameegemea wekundu, ya wa juu yameegemea bluu, na majike huchagua madume wanayoyaona vizuri. Ole Seehausen na wenzake, akiwemo Mtanzania Hillary Mrosso, walichapisha hayo katika Nature mwaka 2008: macho tofauti yalisaidia kugawanya samaki kuwa spishi mbili.

Upande wa pili unaniuma. Maji yakichafuka kwa tope, mbolea na maji machafu ya mji, mwanga unabanwa, majike hawatofautishi tena madume, na spishi huchanganyika. Kwenye visiwa vya Ghuba ya Mwanza vyenye maji machafu zaidi wanapatikana samaki wa rangi za katikati, wasio bluu wala wekundu. Seehausen na wenzake walionya kuhusu hilo tangu mwaka 1997. Samaki hakuvuliwa wala kuwekewa sumu. Maji yalimziba macho tu, na ukoo ukapotea.

Tunaweza kuwaona hao furu bila kuzamia?

Baadhi, ndiyo. Chagua mahali penye mawe makubwa na maji maangavu, mbali na mifereji ya mji, mchana jua likiwa juu na upepo umetulia. Kaa juu ya jiwe au ndani ya mtumbwi. Dume aliye na eneo lake hung'aa na hurudi mahali pale pale kila anapomfukuza mwenzake, kwa hiyo ukimwona mara moja subiri hapo hapo. Miwani ile ya polaraizi itakusaidia sana, kwa sababu huondoa mng'ao wa juu ya maji. Watoto wasiingize miguu majini, kichocho kipo.